Kesi ya pauni 14,250: Kneecap, waziri na Kiairishi cha vichochoroni

Naanza na hela maana kesi yenyewe ilianza na hela, tena hela ndogo. Pauni 14,250. Kwa bendi inayotaka kwenda kupiga shoo Amerika Kaskazini hizo ni nauli za ndege, visa na vyumba vya bei chee, zikiisha zimeisha. Februari 2024 serikali ya Uingereza ikaizuia hiyo hela, ambayo ilikuwa ruzuku ya serikali, ikiwa imeshapitishwa, bendi ikaenda mahakamani, na tarehe 29 Novemba mwaka huohuo serikali hiyohiyo (ila chama kilichoko madarakani kimeshabadilika, ntakuja huko) ikakubali kwenye Mahakama Kuu ya Belfast kwamba uamuzi ule ulikuwa kinyume cha sheria. Ikalipa yote. Na bendi haikubaki na hata peni moja.

Bendi yenyewe ni Kneecap. Najua wengi walianza kuwasikia 2025 kwenye yale mambo ya tamasha la Coachella kule Marekani waliposema kuhusu Gaza, ila mimi nataka turudi nyuma kwenye hii kesi ya hela, kwa sababu naona inaeleza vizuri zaidi kinachoendelea kule Ireland Kaskazini kati ya muziki, lugha na swali la mtu ni wa nani, kuliko kelele zote zilizokuja baadae.

Wako watatu. Mo Chara, yaani "rafiki yangu", jina lake halisi Liam Óg Ó hAnnaidh. Móglaí Bap, huyu ni Naoise Ó Cairealláin. Hawa wawili ni watoto wa Belfast Magharibi na ndo wanaochana. Wa tatu DJ Próvaí, JJ Ó Dochartaigh, mtu wa Derry, kawazidi wenzake umri, alikuwa mwalimu kabla ya haya yote, na ndo yule anayevaa likofia la kufunika uso mzima lenye rangi za bendera ya Ireland. Hilo jina Próvaí ni utani kwenye jina la mtaani la IRA, kikundi cha silaha kilichopigana kuitoa Ireland Kaskazini mikononi mwa Uingereza miaka ile ya vita. Na Kneecap je? Ni pia ya goti, lakini kwa mtu wa Belfast sio mfupa tu, ni adhabu. Vikundi vya silaha vilikuwa vinawapiga risasi za magotini vijana wanaotuhumiwa kuuza madawa au kuiba iba mtaani. Sasa vijana wanaochana kuhusu unga kutwa nzima kujiita hivyo, unaona utani wenyewe ulivyo, wanajicheka wao na wanamcheka mwenye bunduki papo hapo. Alafu kuna cha ndani zaidi ambacho asiyejua lugha hakioni: kwa Kiairishi "ní cheapaim" maana yake "sidhani", na ukiitamka inakaa palepale pa Kneecap. Kwa hiyo kuanzia jina tu jamaa wanaongea na watu wawili tofauti kwa wakati mmoja, na mmoja wao hajui kama kuna mazungumzo mengine yanaendelea.

Shikilia hilo, litarudi kwenye kesi.

Kwanza lugha yenyewe, maana kuna watu wanadhani Kiairishi ni Kiingereza chenye lafudhi. Hapana bana. Ni lugha ya Kiselti, ndugu yake wa karibu ni Kigaeli cha Scotland, na mtu wa London haelewi hata neno moja. Jamhuri ya Ireland, ile ya kusini yenye mji mkuu Dublin, inaitambua kama lugha rasmi ya kwanza na kila mtoto anaisoma shule. Kwenye sensa ya 2022 watu 1,873,997 walisema wanaweza kuiongea, asilimia 40, ukisikia hivyo unasema basi lugha ina afya. Kumbe wanaoiongea kila siku nje ya shule ni 71,968. Yaani lugha ya mtihani, lugha ya kibao cha barabarani, lugha ya tangazo la ndege linaloanza na salamu mbili alafu linaendelea kwa Kiingereza.

Kaskazini, ambako ni sehemu ya Uingereza, hesabu ni ndogo zaidi. Sensa ya 2021 asilimia 12.4 walisema wana uwezo kiasi fulani. Lakini joto ni kubwa zaidi, maana kule ukisema lugha umesema siasa, na kulikuwa na sheria ya mwaka 1737, ndio, 1737, iliyokataza lugha yoyote isipokuwa Kiingereza mahakamani, na ni mpaka sheria ya lugha ya Desemba 2022 ndo ikawekwa kifungu cha kuifuta. Miaka karibu 300 hio.

Na Kiairishi cha Belfast sio kile cha kijijini walichorithi kwa bibi. Ni cha kujengwa kwa mikono, namaanisha kwa mikono kweli. Mwishoni mwa miaka ya 60 familia chache zilijichanga zikajenga nyumba zao barabara ya Shaw's Road, wakakubaliana watoto wao hawatalelewa kwa lugha nyingine isipokuwa Kiairishi, wazazi wenyewe wengi walikuwa wamejifunza ukubwani. 1971 wakafungua shule ya msingi bila hela ya serikali, serikali ilikuja kuikubali miaka ya 80 huko. Wakati huohuo kwenye gereza la Long Kesh wafungwa wa IRA walikuwa wanafundishana lugha kwa kupigiana kelele kutoka selo moja mpaka nyingine, bila kitabu, wakitoka wanarudi mtaani nayo. Maeneo ya asili ya Kiairishi yanaitwa Gaeltacht, hapo gerezani watu wakapabatiza Jailtacht. Kwa hiyo mtoto wa Belfast Magharibi aliyezaliwa miaka ya 90 aliikuta lugha ina pande mbili, upande wa mwalimu na upande wa mfungwa, na wote wawili walikuwa watu wa heshima kupita kiasi. Baba yake Móglaí Bap, Gearóid Ó Cairealláin, alikuwa kinara mkubwa wa lugha, mwanahabari, aliwahi kuwa rais wa Conradh na Gaeilge, kile chama cha lugha cha tangu 1893. Alifariki Desemba 2024, wiki chache tu baada ya hii kesi kuisha.

Sasa, hela ndogo. Kule kaskazini ugomvi wa Kiairishi una tabia ya kuja umevaa nguo ya hela ndogo. Mfano mzuri ni huu, tarehe 23 Desemba 2016, siku mbili kabla ya Krismasi, waziri mmoja wa DUP, chama cha wanaotaka kubaki Uingereza, aitwaye Paul Givan, alikata pauni 50,000 za mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo kwenda Gaeltacht kujifunza lugha. Elfu hamsini, kwa bajeti ya serikali hio ni hela ya chai. Lakini watu walilichukulia kama kofi, na wiki zilizofuata serikali ya mseto ikavunjika (sababu kubwa ilikuwa kashfa nyingine ya ruzuku za nishati, nisidanganye, ila hili nalo lilitiwa kwenye kapu), hela ikarudishwa haraka haraka Januari lakini maji yalishamwagika, na Ireland Kaskazini ikakaa bila serikali yake mpaka Januari 2020. Kiongozi wa DUP Arlene Foster akiulizwa kuhusu sheria ya lugha akasema ukimlisha mamba atarudi kutaka zaidi. Baadae watu wakaandamana wamevaa mavazi ya mamba. Mei 2017 maelfu wakaingia Belfast wamevaa nyekundu kudai sheria ya lugha.

Na hapo ndo Kneecap inapozaliwa. Wenyewe wanasimulia hivi, kabla ya yale maandamano Móglaí Bap na mwenzake walitoka na kopo la rangi ya kupuliza wakaandika CEARTA kwenye kituo cha basi, maana yake "haki". Polisi wakatokea, mmoja akakimbia, mwenzake akakamatwa, na kituoni akagoma kuongea Kiingereza, akakaa ndani usiku kucha wakimtafuta mkalimani. Kisa hicho ndo kikawa wimbo wao wa kwanza, C.E.A.R.T.A., mwaka 2017. Kwenye filamu yao ya 2024 wamekigeuza geuza kidogo, anayekamatwa ni Mo Chara, sawa, filamu ni filamu.

Wimbo ukatoka, na wa kwanza kuukataa hakuwa Mwingereza. Redio ya vijana ya Kiairishi, redio ya lugha yao kabisa, ikauondoa hewani kwa sababu ya matusi na madawa. Hapa mimi huwa nasimama kidogo. Unajua miaka yote hiyo wazee wa lugha wamelia kwamba vijana hawaitumii, sasa wamekuja vijana wanaitumia Jumamosi usiku kwa mambo ya Jumamosi usiku, na jibu la kwanza ni kuzima redio. Siwalaumu sana, redio ina sheria zake. Ila inakuonyesha kwamba Kiairishi kilikuwa kinasubiriwa kurudi kikiwa kimeoga.

Maana muziki wa Kiairishi wenyewe haukuwa mgeni kwenye chati. 1982 Clannad, familia ya Donegal, walitoa wimbo wa Kiairishi kwa ajili ya tamthilia ya TV kuhusu vita vya kaskazini na ukafika namba 5 Uingereza. Namba 5! Sauti za mbali, ukungu, mtu anasikia milima na bahari. Waingereza waliupenda bila kuelewa neno. Na 2013 wanafunzi wa chuo cha lugha cha Lurgan kule Galway waliuimba ule wimbo wa Avicii kwa Kiairishi ukasambaa mtandaoni mamilioni. Watoto wasafi, wanatabasamu, gitaa. Hakuna aliyekasirika, na kwanini akasirike. Kiairishi kikiwa cha ukungu au cha sare ya shule kinapendwa na kila mtu.

Kneecap wao wanakiweka mahali ambapo hakikuwa na maneno. Hili ndo jambo ambalo nadhani watu wa lugha watakuja kulikumbuka kuliko mabango. Lugha iliyolelewa na walimu ina maneno mazuri ya mavuno na sala lakini ukitaka kusema unanunua unga chooni klabu unakwama, unarudi Kiingereza, na kila unaporudi Kiingereza lugha inapoteza chumba kimoja cha nyumba. Hawa jamaa wakachukua neno la zamani la ugoro, "snaois", wakalifanya la kokeni. Ketamini wakaiita "capaillín", farasi mdogo. Kazi yao ya 2018 inaitwa 3CAG, kifupi cha maneno ya Kiairishi yanayomaanisha konsonanti tatu na irabu moja, hesabu mwenyewe herufi za MDMA, ile dawa ya kulevya ya klabu. Hio ni kazi ya kamusi jamani, tena wameifanya bila kamati. Simaanishi unga ni mzuri, namaanisha lugha isiyo na matusi wala siri ya vijana haiwezi kukaa mjini.

Haya, tuje kwenye ruzuku.

Uingereza kuna mpango wa kusaidia wanamuziki kwenda kuuza muziki nje ya nchi. Hela inatoka wizara ya biashara, uendeshaji uko kwa BPI ambacho ni chama cha kampuni za muziki, na maombi yanapitiwa na watu wa biashara ya muziki wenyewe. Swali lao ni moja: huyu akienda nje ataingiza hela? Hawaulizi unampenda mfalme au la. Kneecap wakaomba kwa ajili ya ziara ya Amerika Kaskazini. Mapema 2024 walikuwa moto kweli, Januari filamu yao ilikuwa kwenye tamasha la filamu la Sundance kule Marekani ikachukua tuzo ya watazamaji kwenye kipengele chake, albamu ya Fine Art ilikuwa njiani Juni. Jopo likapitisha. Alafu wizara, chini ya waziri Kemi Badenoch wa chama cha Conservative, ikaingilia ikasema hapana.

Na sababu haikufichwa, hapo ndo walipojiharibia. Msemaji wake alisema kwa maana ya kwamba uhuru wa kusema upo, lakini isishangaze kwamba hatutaki hela ya walipa kodi wa Uingereza iende kwa watu wanaoipinga Uingereza yenyewe. Bendi nao wakasema kilichowachoma wakubwa ni bango la ziara yao ya 2019, lile lililomwonyesha Boris Johnson na Arlene Foster wamefungwa kwenye roketi juu ya lundo la kuni. Kwa mgeni hilo bango ni vurugu tupu. Mtu wa Belfast ana kitu cha kukumbuka, maana kila Julai wafuasi wa Muungano, yaani wanaotaka kubaki Uingereza, wanawasha mioto mikubwa ya kuni na juu yake huwa kunapandishwa bendera za Ireland na mabango ya wagombea wa upande wa pili vinachomwa watu wanashangilia. Bango lilikuwa linageuza ule mchezo. Unaweza kusema halichekeshi, na mimi mwenyewe sidhani kama lilikuwa kazi yao bora, lakini lilikuwa na miaka mitano na halikuwepo kwenye fomu ya maombi.

Tazama sasa kichekesho chenyewe. Uingereza ilikuwa na mpango wa kupeleka muziki wake nje, na watu wake wa biashara wakakaa wakapiga hesabu wakaona kwamba bidhaa mojawapo ya Uingereza inayouzika Marekani mwaka huo ni vijana watatu wanaoitukana Uingereza kwa lugha ambayo Uingereza iliipiga marufuku mahakamani. Na wafanyabiashara wakasema sawa, tunalipa. Mimi naona hawa watu wa BPI, ambao sidhani walikuwa na nia yoyote ya kimapinduzi, ndo waliosoma hali vizuri kuliko waziri. Waliona Kiairishi ndo kinachouza. Kama Kneecap wangechana Kiingereza kitupu wangekuwa kikundi kingine cha rapu cha vijana wa traki suti wenye hasira, wako elfu.

Filamu yao nayo ilikuwa imetengenezwa kwa hela za umma, za Dublin na za upande wa Uingereza pia, ikiwemo taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI. Mkono mmoja wa serikali unatoa mkono mwingine unazuia.

Bendi ikafungua kesi Mahakama Kuu Belfast, ile ya kuomba mahakama ipitie uamuzi wa serikali ione kama ulifuata sheria. Watu wengi wanachanganya hapa, kesi ya namna hii jaji haulizi kama bendi ni nzuri au kama inastahili hela. Anauliza: ulikuwa na utaratibu, ulitangaza vigezo, ulivifuata? Ulizingatia kitu ambacho hukupaswa kukizingatia? Ulimpa mtu nafasi ya kujibu kabla hujamkata? Ukiangalia hivyo utaona waziri alikuwa pabaya kuanzia dakika ya kwanza, maana msemaji wake alishatangaza kigezo ambacho hakikuwemo.

Lakini hoja iliyonivutia mimi ni ile ya pili. Mawakili waliuvuta Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, ule uliomaliza vita. Mkataba ule unasema mtu wa Ireland Kaskazini ana haki ya kuzaliwa ya kujitambulisha kama Mwairishi, au Mwingereza, au vyote, vile anavyochagua. Unasema kutaka Ireland iungane ni msimamo halali kama ulivyo halali kutaka kubaki Uingereza, na kwamba serikali inayotawala pale lazima itawale bila kupendelea, iheshimu pande zote sawa, pamoja na ndoto zao. Sasa rudi kwenye maneno ya msemaji, watu wanaoipinga Uingereza yenyewe. Kwa London hilo linasikika kama tusi la kutosha kumnyima mtu hela. Kwa Belfast umewataja majirani nusu ya mji. Kupinga kuwa sehemu ya Uingereza kule ndo msimamo wa vyama vinavyoingia serikalini, Februari ileile ya 2024 waziri kiongozi aliyeapishwa Stormont, makao ya serikali ya Ireland Kaskazini, alikuwa Michelle O'Neill wa Sinn Féin, chama kinachotaka kutoka. Mshahara wake unatoka wapi? Na hao wanaotaka kutoka wanalipa kodi kama wengine, hakuna kaunta ya TRA ya kule inayokuuliza unaipenda nchi alafu ikupunguzie.

Hapa nimpe na waziri haki yake, maana hoja yake sio ya kijinga kama watu walivyoifanya. Kuna tofauti kati ya serikali kukufunga mdomo na serikali kukulipia tiketi. Haki ya kusema sio haki ya kufadhiliwa. Mtu aliyepoteza ndugu kwenye vile vita, au aliyepigwa risasi ya goti kweli na anatembelea fimbo mpaka leo, akiona jina la bendi kwenye hundi ya serikali anaweza kuumia na ana sababu. Ningekuwa waziri ningeweza hata kuandika kigezo hicho mapema, kwamba mpango huu hautoi hela kwa kazi za namna fulani, nikakipeleka bungeni, watu wakapigana nacho mchana. Alichofanya yeye ni kusubiri jina lifike mezani alafu kigezo kitungwe kwa ajili ya jina. Huko ndo kuvunja sheria, na ndo maana sidhani wanasheria wa wizara walilala usingizi mzuri.

Julai 2024 Conservative wakaanguka, Labour wakaingia. Novemba serikali mpya ikasema haitaendelea kubishana, ikakubali kwamba uamuzi ulikuwa kinyume cha sheria na utaratibu haukuwa wa haki, ikalipa 14,250 kamili. Wizara ikajieleza kwamba inaokoa gharama za mlipa kodi. Upande wa Badenoch, ambaye wiki hizohizo alikuwa ndo kwanza amechaguliwa kuongoza chama chake, ukasema Labour wamesalimu amri. DJ Próvaí akafika mahakamani na kofia lake la rangi tatu, na lile gari lao la Land Rover la mtindo wa polisi likipiga mziki, akasema haikuwa ishu ya 14,250, hata zingekuwa peni 50 wangeenda, ilikuwa ishu ya usawa.

Mimi hapo nilifurahi na nikaudhika. Kuudhika kwa sababu serikali ikikubali kabla ya hukumu, hukumu haipo. Lile swali kubwa, waziri anaweza kumnyima mtu wa Ireland Kaskazini hela ya umma kwa sababu ya msimamo ambao mkataba wa amani unasema ni halali, jaji hakulijibu kwa urefu ili kesho mwingine alishike kama ngao. Tulipata kukiri, hatukupata somo. Labour walijua wanachofanya, pauni elfu 14 ni bei rahisi sana ya kununua ukimya wa jaji kwenye swali kama hilo.

Hela ilienda wapi? Waliigawa katikati, 7,125 kwa 7,125. Nusu kwa Glór na Móna, watu wanaofanya kazi na vijana kwa Kiairishi pale Ballymurphy, mtaa wa Wakatoliki, hio ilitegemewa. Nusu nyingine R-City, kundi la vijana la Shankill. Kama huijui Belfast, Shankill ndo moyo wa Waprotestanti wanaoipenda Uingereza, kati yake na Falls ya Wakatoliki kuna ukuta mpaka leo, ukuta wa kweli wa matofali na chuma. Kuna waliosema ni usanii wa kujionyesha. Inawezekana, jamaa hawajawahi kukosa jicho la kamera. Ila fikiria mtoto wa Shankill anayecheza mpira jioni kwa hela ambazo waziri wa Conservative alizizuia na wachanaji wa Kiairishi wakazipigania, ukweli unabaki kwamba hizo hela zilifika kwa walipa kodi wanaoipenda Uingereza kwa mkono wa wanaoipinga. Jibu kwa msemaji wa wizara lingekuwa zuri kuliko hilo lipi?

Na lugha ilipata nini? Watu wanasema Kneecap wameokoa Kiairishi, mimi siendi huko, lugha haiokolewi na albamu, inaokolewa na zile shule zilizoanza Shaw's Road na wazazi waliochoka. Nenda kwenye shoo yao Uingereza utakuta maelfu wanaitikia maneno wasiyoyaelewa, kama walivyoitikia Clannad 1982. Tofauti ni kwamba wakati huu anayeimba ndo anayejua kichekesho na anayeitikia ndo anayechekwa, na wote wamelipa kiingilio kwa furaha. Kwa mtoto wa Belfast anayesoma shule ya Kiairishi, aliyezoea kuonekana mshamba au mwanasiasa kila akifungua mdomo, hilo sio jambo dogo.

Siku nane kabla ya ushindi ule wa mahakamani walikuwa wamepiga shoo London, Kentish Town. Video ya usiku ule ikaja kuibuka 2025, Mo Chara akashtakiwa kwa sheria ya ugaidi kwamba alionyesha jukwaani bendera ya Hezbollah, kundi la Lebanon ambalo Uingereza imelipiga marufuku, akakana, na Septemba 26 hakimu akaitupa kesi kwa sababu mashtaka hayakufunguliwa kwa utaratibu wala ndani ya muda, upande wa mashtaka wakasema watakata rufaa. Hio ni kesi nyingine na inataka andiko lake. Naichukua kwa kitu kimoja tu. Polisi wa London walipotangaza mashtaka waliandika mshtakiwa ni Liam O'Hanna, jina limepigwa pasi likawa la Kiingereza. Na mahakama, kama kile kituo cha polisi cha Belfast mwaka 2017, ikabidi itafute mkalimani wa Kiairishi.